Mvua Pekee Haioteshi Nyasi

"Subirini mvua, nyasi zitarudi." Maneno haya nimeyasikia kwa wazee waliokaa chini ya mgunga, nimeyasikia kwenye mabaraza ya machifu, na nimeyasikia kwa maofisa waliofika na magari ya serikali kuhesabu mizoga. Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi msemaji mwenyewe amekwisha kupoteza nusu ya zizi lake. Hata hivyo nayapinga. Imani kwamba nyasi ni mali ya mawingu, na kwamba mkono wa mtu hauna kazi hapo, ndiyo inayozimaliza nyanda kame za Kenya huku sote tukitazama juu.

Tukumbuke yaliyotupata juzi tu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Kisha mvua ikaja, tena mwishoni mwa 2023 ikaja kwa mafuriko, ikabomoa madaraja na kuhamisha watu. Kama mvua ndiyo inayoleta nyasi, basi mwaka ule nchi yote kutoka Turkana hadi Kajiado ingefunikwa. Haikufunikwa. Palipokuwa na mizizi pakachipua. Palipokuwa upara pakabaki upara, na makorongo yakaongezeka kina.

Nilipata kuliona jambo hili kwa karibu katika tambarare za chini za Baringo, upande wa Marigat, alasiri moja baada ya mvua kubwa ya kama saa nzima. Mwenyeji wangu, mzee wa makamo, alichukua panga akalichomeka kwenye udongo mwekundu usio na kitu. Likaingia kiasi cha pingili moja ya kidole, likagota. Akalichomoa, akanionyesha ncha: juu tope, chini vumbi kavu. Tukatembea hatua kama ishirini, tukavuka ua wa matawi ya miiba, akalichomeka tena kando ya shina la nyasi. Likazama karibu hadi mpini. Mvua ilikuwa ile ile na udongo ule ule. Nyuma yetu maji ya upande wa upara yalikuwa yakiteremka korongoni, rangi ya chai ya maziwa, yakienda na udongo wa watu.

Aliyeliona panga lile hawezi tena kusema "subirini mvua" kwa moyo mweupe. Ardhi ikishavuliwa nyasi, matone ya mvua huipiga moja kwa moja. Chembe laini za udongo hujaza vitundu vyote vya juu, na jua likitoka panashika ukoko mgumu kama sakafu. Mvua inayofuata haina pa kuingilia. Huteleza, na inapoteleza hubeba samadi, majani makavu na mbegu chache zilizokuwa zimesalia. Kwa hiyo kwenye ardhi ya upara, mvua zaidi ni hasara zaidi. Huwezi kumwambia mtu angojee dawa ambayo kwake imekwisha kugeuka ugonjwa.

Najua jibu la haraka: "Mbona baada ya mvua huwa kijani kila mahali?" Ni kweli, na hapo ndipo macho yanapotudanganya. Rangi ile ya kijani unayoiona ukiwa ndani ya basi ni ya majani ya msimu. Huota kwa siku chache, hutoa maua upesi, hukauka, na mwezi wa pili upepo umeyachukua. Mbuzi hushiba wiki tatu. Nyasi tunazozililia ni zile za kudumu, ambazo shina moja huishi miaka mingi, na ambazo hata zikikauka juu hubaki zimesimama kama akiba ya kiangazi. Hizo hazirudi kwa kuitwa na radi. Shina la mwisho likishang'olewa na kwato, na mbegu ya mwisho ikishasombwa, hakuna kitu pale cha kuota, hata mvua inyeshe mwaka mzima.

Zipo nyasi zilizoumbwa kwa nchi hii. Wakamba wa Kibwezi wana majina yao: ndata kivumbu, mbeetua, nguu, kilili. Mfugaji mzee wa huko atakueleza ng'ombe hupenda ipi kwanza na ipi huongeza maziwa. Nitasema hasa juu ya ndata kivumbu, ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, yenye suke la manyoya linalofanana na mkia wa mnyama mdogo. Mizizi yake hushuka zaidi ya mita moja. Pale shina linapokutana na udongo lina uvimbe kama kifundo, na humo ndimo inamoweka chakula chake. Kiangazi kikija, majani hukauka yakawa kama ufagio, mpita njia akadhani imekufa. Kumbe kifundo kiko hai. Mvua ya kwanza ikigusa, baada ya siku chache tu pana machipukizi. Mmea wenye akili ya namna hii tumeuachia bahati, huku mahindi, mgeni asiyevumilia wiki tatu za jua, tukiyapa shamba, mbolea na afisa wa ugani.

Wengine hawakuiachia bahati. Mbegu za nyasi hii zilichukuliwa kutoka jangwa la Turkana zikafikishwa Marekani, zikajaribiwa Texas, na mwaka 1946 zikatolewa kwa wafugaji kwa jina la T-4464. Leo nyasi za uzao huo zimeenea kusini mwa Texas na kaskazini mwa Mexico, na ng'ombe wa nyama wa huko wamenenepa juu yake. Waaustralia nao wana aina waiitayo Gayndah, asili yake Kenya, na nyingine waiitayo Biloela, mbegu yake ilitoka Dodoma. Wenzetu hawa waliiona nyasi yetu wakatambua kwamba ni zao. Wakaipanda kwa mashine, wakaipa majina na kuuza mbegu zake madukani. Mjukuu wa mchungaji wa Turkana, ambaye babu yake aliikanyaga kila siku, anaambiwa leo akae na kusubiri mawingu. Jambo hili huniuma kila ninapolifikiri.

Hapa huibuka watu waliosoma, nao wana hoja inayostahili jibu. Husema: hiyo hiyo nyasi ni gugu baya Arizona na Australia. Ni kweli kabisa. Katika jangwa la Sonora imejipenyeza katikati ya madungusi marefu yaitwayo saguaro, na kwa kuwa inashika moto upesi na kuchipua tena haraka, inaunguza mimea ambayo haikuzoea moto tangu asili. Watu wa huko wanaing'oa kwa mikono na kwa dawa, na wako sahihi. Lakini huko ni ugenini kwake. Hapa ni kwao. Hapa imeishi na swala, na pundamilia, na ng'ombe, na mioto ya wafugaji, kwa maelfu ya miaka, na ina walaji wa kuipunguza. Kosa la Arizona linatufundisha tusiuchukue mmea wa pwani moja tukautupa pwani nyingine bila kufikiri. Halitufundishi tumwogope mtoto wa nyumbani. Na hata nyumbani sishauri mtu apande aina moja tu. Anayechanganya ndata kivumbu na mbeetua na nguu ana uhakika zaidi, kwa sababu moja ikishindwa na udongo au na mchwa, nyingine itashika.

Somo la ugenini tunalo letu wenyewe, na limetugharimu. Miaka ya 1980 ilipoonekana kwamba Baringo inageuka jangwa, dawa iliyoletwa ilikuwa mti: mathenge, kutoka Amerika. Ulisifiwa kwamba haujali ukame, na kweli haukujali. Ukaziba malisho, ukaziba njia za mifugo hadi kwenye maji, miiba yake ikatoboa kwato na matairi, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Hadi leo haujaisha.

Ungetarajia baada ya hayo tujifunze kuuliza, kabla ya kuchimba shimo lolote, nchi hii kiasili ilivaa nini. Lakini bado wazo linalotawala ni mti. Taifa limejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina ugomvi na mti. Mgunga ulio mahali pake ni kivuli, ni dawa, ni maganda ya mbuzi wakati wa njaa. Ugomvi wangu ni na mkutano unaofanyika katika mbuga kavu, ambapo mgeni wa heshima anapanda mche, anaumwagilia ndoo moja ya maji mbele ya kamera, na kuondoka. Mche ule unahitaji maji ya miaka miwili ambayo hayapo. Palepale, kwa gharama ndogo, kilo tano za mbegu za nyasi zingetosha kufunika hekta nzima, na zingeanza kulisha mifugo mwaka unaofuata. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo uhai wake ni nyasi. Hakuna mgeni wa heshima aliyewahi kuja kupanda nyasi mbele ya macho yangu.

Wapo wanaosema tatizo ni wingi wa mifugo, basi. Punguza ng'ombe, nyasi zitarudi zenyewe. Hoja hii ni ndugu wa ile ya mvua, maana nayo inamtaka mtu aondoe mkono wake kisha angoje. Kwamba malisho yakilishwa bila kupumzika huchakaa, hilo nalikubali, na hakuna mfugaji mzee asiyelijua. Lakini ardhi iliyokwisha kufanya ukoko haiponi kwa kuachwa. Ukame wa juzi umeua mamia ya maelfu ya ng'ombe katika kaunti za kaskazini. Hakuna upunguzaji mkali kuliko huo. Nenda ukaone kama upara umeota. Atakayepona kwa kuachwa ni yule ambaye bado ana mizizi. Aliyekwisha kufa hufufuliwa kwa kuvunja ukoko na kuweka mbegu.

Na kuweka mbegu ni kazi yenye ujuzi wake. Nasisitiza hili kwa kuwa wengi waliojaribu mara moja wakashindwa ndio mashahidi wakubwa wa ile imani ya mvua. Nakumbuka kikundi cha akina mama huko Ukambani waliopewa mifuko ya mbegu na mradi mmoja, bila mafunzo yoyote. Walipanda kama wanavyopanda mahindi: shimo la jembe, mbegu ndani, udongo juu, kisigino. Hakikuota kitu. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, nyasi hazipandwi, hizi ni za Mungu." Sikumlaumu. Mbegu ya nyasi ni ndogo mno, haina nguvu ya kupanda juu kutoka kina cha kidole kizima. Inataka kufunikwa udongo kidogo tu, chini ya sentimita moja. Wanaojua hupasua mifereji midogo kwa plau la ng'ombe kukingama mteremko, hunyunyiza mbegu kwenye mfereji, kisha huburuta tawi la miiba juu yake. Linatosha. Mfereji huvunja ukoko na kuyakamata maji, na mbegu hulala mahali ambapo maji yatatua.

Kosa la pili ni haraka. Mbegu ya ndata kivumbu iliyovunwa leo huwa imelala, haioti vizuri hadi ikae miezi kadhaa mahali pakavu penye hewa. Mtu akivuna mwezi huu akapanda mwezi ujao, asilaumu mvua. Na kabla ya kununua mfuko, mwaga mbegu kidogo kiganjani, uzisugue kwa kidole gumba, kisha upulize. Manyoya yataruka. Kilichobaki kiganjani ndicho ulichonunua. Mara nyingine hubaki punje nyingi ngumu, na mara nyingine hakibaki kitu, umeuziwa makapi. Punje hujaa pale suke linapokuwa limekomaa na kung'oka kwa urahisi mkononi. Mvunaji mwenye pupa anayekata masuke mabichi humuuzia mwenzake mfuko wa manyoya.

Kisha kuna mwaka wa kwanza, ambao ndio mtihani wa kweli. Nyasi changa hupendeza, nazo mbuzi wanaziona toka mbali. Ukiwaachia, watazing'oa na mizizi, kwa kuwa bado hazijashika. Msimu wa kwanza ni wa kupalilia magugu, kulinda ua, na kuziacha zitoe mbegu. Msimu wa pili ndipo pa kuvuna. Ukikata kwa ajili ya nyasi kavu, kata zinapotoa maua, ndipo zina lishe, na acha kisiki cha kiasi cha upana wa kiganja, maana ukikata hadi ardhini umekata ghala lake. Zikaushwe, zishindiliwe ndani ya sanduku la mbao, zifungwe kamba, ziwe marobota. Huko Baringo shirika la RAE limekuwa likifanya kazi ya namna hii na wenyeji tangu 1982: ardhi iliyokuwa upara inazungushiwa ua, inapandwa, kisha inauza malisho, nyasi kavu na mbegu. Huko Kiboko, Makueni, kituo cha utafiti cha KALRO kimezifanyia kazi nyasi hizi hizi kwa miaka. Ujuzi upo nchini. Kinachokosekana ni kuamini kwamba nyasi ni zao.

Nimeiacha mwisho hoja iliyo ngumu kuliko zote, nayo haitoki kwa wataalamu. Inatoka kwa wafugaji wenyewe. Wananiuliza: ukizungusha ua, ardhi ni ya nani? Leo ni ua wa nyasi, kesho ni hati miliki ya mtu mmoja mwenye pesa. Hofu hii si ya bure. Watu wameona malisho ya wote yakikatwa vipande vipande, na ng'ombe wa maskini wakibaki barabarani. Anayehubiri upanzi wa nyasi bila kujibu swali hili hafai kusikilizwa, hata kama mbegu zake ni nzuri.

Jibu langu ni kwamba ua si lazima uwe wa mtu mmoja, na ushahidi tunao kwa jirani na kwetu. Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, la familia au la kijiji, chini ya sheria za wazee. Desturi hiyo ilikuwa karibu kufutika. Mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HASHI ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta kama 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, nyasi na miti ya asili pamoja, na zilizofanya kazi ni sheria za wanakijiji wenyewe. Wamaasai wana olopololi, malisho yanayotengwa kwa ndama na wanyama wagonjwa, na huko Kajiado vikundi vya akina mama wa Kimaasai sasa vinalima mashamba ya mbegu za nyasi, wanavuna, wanauza mbegu na nyasi kavu, na fedha wanazishika wenyewe. Nayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kusajili ardhi yake na kujiwekea kanuni za malisho. Basi mpangilio uwe huo: usajili kwanza, kanuni zikubaliwe barazani, kisha ua. Ua unaokuja kabla ya kikao, ukataeni.

Ngitili na olopololi zinathibitisha pia kwamba ile kauli ya "subirini mvua" haikuwa hekima ya mababu hata kidogo. Mababu walifunga malisho na kuyafungua kwa zamu, na aliyekiuka alitozwa faini. Waliofanya kazi ya kungoja ni sisi, baada ya kuziacha sheria zao.

Naziomba kaunti za nyanda kame zifanye jambo moja katika bajeti ijayo. Kila ukame mnatenga fedha za kununua nyasi kavu kutoka mbali na kuzisafirisha kwa malori, na zinafika wakati ng'ombe hawezi tena kusimama. Tengeni sehemu ya fedha hizo kwa mbegu zilizopimwa, kwa plau, na kwa afisa mmoja wa malisho katika kila wadi anayejua kupanda nyasi kwa mikono yake. Na kwako mfugaji unayesoma haya, usingoje kaunti. Anza na robo ekari karibu na boma, mahali unapoweza kupalinda. Makueni na Kajiado mvua za vuli huanza Oktoba, na huko Baringo mvua kubwa huanza Aprili. Mifereji iwe imepasuliwa na mbegu ziwe ardhini kabla ya tone la kwanza.